Kutoka Kutendwa Hadi Kutenda

Ndugu msomaji, sikiliza kwa makini jinsi tunavyojieleza pale tunapokuwa tumeharibu jambo. Mume aliyemtukana mkewe mbele ya watoto husema, "Hasira zilinipanda." Mfanyakazi aliyetoa siri ya mwenzake husema, "Ulimi uliteleza." Aliyeapa kuacha pombe, kisha akaonekana kilabuni jioni ya siku ya mshahara, husema, "Shetani alinipitia." Na yule ambaye kila mwaka huhama kazi baada ya kugombana na nyapara wake hutikisa kichwa na kusema, "Ndiyo bahati yangu."

Hebu tuyatazame maneno hayo kama mwalimu wa sarufi anavyoyatazama. Hasira ndizo zilizopanda. Ulimi ndio ulioteleza. Shetani ndiye aliyepita. Bahati ndiyo iliyoamua. Msemaji mwenyewe hayumo. Tangu shuleni tulifundishwa kwamba katika sentensi yumo mtenda na yumo mtendwa. Na katika sentensi hizi zote msemaji amejiweka upande wa mtendwa, ingawa mdomo uliotukana ni wake na miguu iliyokwenda kilabuni ni yake.

Si kosa kusema hivyo. Ndiyo lugha yetu ya kila siku, na mara nyingi inaeleza kweli jinsi mtu anavyosikia moyoni: hasira humpanda kama maji kujaa yanavyoupanda ufuko. Lakini wako watu ambao maisha yao yote yamekuwa sentensi moja ndefu ya kutendwa. Huamka na huzuni wasiyoijua chanzo chake, hugombana na watu wanaowapenda, hurudia leo kosa la jana, na hujiona kama abiria ndani ya basi lisilo na dereva. Makala haya yanaeleza jinsi aina moja ya tiba, yaani uchambuzi wa nafsi, inavyomwezesha mtu wa namna hiyo kuhama taratibu kutoka upande wa mtendwa hadi upande wa mtenda. Yanaeleza pia kwamba uwezo huo hautolewi na daktari kama kidonge, bali hujengwa na mgonjwa mwenyewe, mara nyingine kwa kumpinga daktari huyo huyo.

TIBA ISIYO NA SINDANO

Uchambuzi wa nafsi ulianza katika mji wa Vienna, nchini Austria, mwishoni mwa karne ya 19. Aliyeusimika ni daktari Sigmund Freud, aliyezaliwa mwaka 1856 na kufariki mjini London mwaka 1939. Tiba hiyo haina dawa wala sindano. Mgonjwa hulala juu ya kochi, daktari huketi nyuma ya kichwa chake mahali asipoonekana, na kwa muda wa dakika 50 hivi mgonjwa husema lolote linalomjia akilini bila kuchagua, hata kama analiona kuwa la kipuuzi, la aibu au lisilohusika. Katika tiba kamili mgonjwa huhudhuria mara 3 hadi 5 kwa juma, na huendelea kwa miaka. Iko pia tiba nyepesi zaidi iliyotokana na hiyo, ambamo wawili hao huketi wakitazamana mara moja au mbili kwa juma.

Msingi wake ni rahisi kuueleza ingawa ni mgumu kuukubali. Nafsi ya mtu ina chumba ambacho mwenyewe haingii. Humo yamo mambo ya tangu utotoni: woga, wivu, hasira kwa mzazi, mapenzi yaliyokataliwa. Mambo hayo yamefichwa kwa sababu yaliuma, lakini hayakufa. Hutoka usiku kwa njia ya ndoto, na mchana hutoka kwa njia ya maradhi na tabia ambazo mwenyewe hazielewi. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Mgonjwa wa nafsi ni mtu aliyeficha maradhi hata asijue tena kwamba ameyaficha.

Kwa hiyo, anaposema "sijui ni nini kilichonipata," hadanganyi. Ni kweli hajui. Swali ni hili: atawezaje mtu kuwa mtenda wa jambo ambalo hajui kwamba yeye ndiye anayelitenda?

MSICHANA ALIYEIPA TIBA JINA

Watu wengi wakisikia habari za tiba hii humfikiria daktari tu: mzee wa ndevu, mwenye majibu yote. Historia yatuonyesha jambo jingine. Baadhi ya nguzo kubwa za tiba hii zilisimamishwa na wagonjwa.

Wa kwanza ni Bertha Pappenheim, aliyezaliwa Vienna mwaka 1859 katika familia ya Kiyahudi yenye uwezo. Alikuwa msichana mwenye akili nyingi, lakini katika siku zile msichana wa tabaka lake akimaliza shule hakuwa na la kufanya ila kufuma, kupokea wageni na kungoja kuposwa. Mwaka 1880 baba yake aliugua sana, na Bertha akawa anakesha akimuuguza. Katika kazi hiyo yeye mwenyewe akaanguka. Alishikwa na kikohozi, mkono na mguu wa kulia vikapooza, macho yakakosa kuona vizuri, hata lugha yake ya Kijerumani ikampotea, akawa anaweza kusema Kiingereza tu. Daktari wake, Josef Breuer, aliuita ugonjwa huo histeria.

Breuer alikuwa na sifa moja ambayo madaktari wengi wa wakati ule hawakuwa nayo: alikubali kuketi na kusikiliza. Katika siku za joto kali Bertha akawa hawezi kunywa maji. Kwa muda wa wiki 6 hivi alikata kiu kwa matunda tu. Jioni moja, akiwa katika usingizi wa kulazwa na daktari, alisimulia kwa chuki jinsi alivyomwona mbwa wa mwanamke Mwingereza aliyekaa naye nyumbani akinywa maji ndani ya bilauri. Kwa adabu alikuwa amenyamaza. Alipokwisha kuitoa hasira aliyoimeza siku ile, aliomba maji, akanywa.

Mwenye kuipa kazi hiyo jina alikuwa Bertha, si Breuer. Aliiita tiba ya kuzungumza, na alipokuwa katika mzaha aliiita kufagia dohani. Hata siku ya kumaliza aliipanga yeye: aliazimia kwamba tiba iishe siku ya kutimia mwaka tangu alipohamishiwa shamba, na ikaisha mwezi Juni 1882.

Mgonjwa wa pili ni mjane tajiri wa Uswisi, Fanny Moser, ambaye Freud alimtibu mwaka 1889. Wakati huo Freud alikuwa bado kijana katika kazi hii, naye alikuwa na pupa ya kuuliza: hili lilitoka wapi, na lile lilianza lini? Siku moja mama huyo alimwambia kwa kunung'unika kwamba aache kumuuliza kila kitu kimetoka wapi, bali amwache aseme aliyo nayo. Freud akatii. Kutokana na masomo kama hayo, polepole aliacha kuwalaza wagonjwa usingizi na kuwahoji, akaanza kuwaacha waongoze mazungumzo. Kanuni ya kusema lolote linalokuja, ambayo leo ndiyo uti wa mgongo wa tiba hiyo, ilitokana kwa sehemu na mgonjwa aliyechoka kukatizwa.

Breuer na Freud waliandika habari za wanawake hao katika kitabu chao cha mwaka 1895, wakiwaficha kwa majina ya kubuni. Ni vema tuseme ukweli wote: Bertha hakupona siku hiyo aliyoiazimia. Hati zilizochapishwa mwaka 1972 zilionyesha kwamba mwezi Julai 1882 alilazwa katika hospitali ya Kreuzlingen, Uswisi, akiwa bado mgonjwa, na aliendelea kulazwa mara kwa mara kwa miaka kadhaa baadaye. Mbegu ya kujiamulia ilikuwa imepandwa, lakini mbegu si mavuno.

LUGHA INAYOMFICHA MTENDA

Mwaka 1976 mtaalamu wa Marekani, Roy Schafer, alichapisha kitabu kuhusu lugha ya uchambuzi wa nafsi. Hoja yake inafanana na ile tuliyoanza nayo. Schafer aliona kwamba wagonjwa, na hata madaktari wao, huzungumza kana kwamba nafsi ni mashine yenye nguvu zinazosukumana: msukumo ulimzidi, woga ulimwingia, fikra zilimjia. Kila mara kuna kitu kinachotenda, ila mtu mwenyewe hatendi. Aliziita kauli za namna hiyo vitendo vilivyokanwa na mwenyewe.

Kwa maoni yake, mgonjwa anayepata nafuu hubadilisha sarufi yake. Anayesema "hasira zilinipanda" huanza kusema, "Nilikasirika kwa sababu nilijiona nimedharauliwa, nami nikachagua maneno ambayo nilijua yatamuumiza." Sentensi ya pili ni ndefu, tena inauma zaidi kuisema. Lakini itazame vizuri: ndani yake kuna mlango. Aliyepandwa na hasira hana la kufanya ila kungoja zishuke. Aliyechagua maneno ya kuumiza anaweza kesho kuchagua mengine.

Hapa ndipo panapokosewa na wengi wetu tunapotoa nasaha. Twamwambia mtu, "Jikaze! Jitawale! Acha tabia hiyo!" Tunamwamuru ashike usukani ambao bado haoni uko wapi. Akishindwa, anaongeza aibu juu ya ugonjwa. Uchambuzi wa nafsi haumwamuru mtu kuwa mtenda. Humsaidia kuona mahali ambapo tayari anatenda bila kujua.

MABASI MAWILI YALIYOPITA

Jambo hili hutokeaje ndani ya chumba cha tiba? Tumtungie mgonjwa mmoja kwa ajili ya mfano. Ni fundi mitambo mwenye umri wa miaka 35. Amekwisha kuhama viwanda 4, na kila mahali hadithi ni ile ile: nyapara anamchukia, yeye anatukana, anafukuzwa. Nyumbani mkewe amechoka kuhesabu sukari na kodi ya chumba.

Miezi ya kwanza fundi huyu anasimulia ubaya wa manyapara tu. Kisha anamwuliza daktari, "Basi nifanye nini?" Daktari hampi jibu, na fundi anakasirika: amekuja kwa mtaalamu, naye mtaalamu amekaa kimya! Baadaye anaanza kuchelewa. Sababu ni basi. Siku moja daktari anamwambia kwa upole, "Nimeona kwamba basi huchelewa kila baada ya siku tuliyomtaja baba yako." Fundi anafoka kwamba yeye si mwenye mabasi. Daktari habishani naye.

Zinapita wiki kadhaa. Siku moja fundi analala juu ya kochi, ananyamaza kitambo, kisha anasema, "Leo basi halikuchelewa. Nilisimama kituoni nikayaacha mawili yapite."

Ndugu msomaji, hatua hiyo ndogo ndiyo kiini cha makala haya. Hakuna aliyemlazimisha kuungama. Hakuna ushahidi uliokusanywa dhidi yake. Ila kwa mara ya kwanza ametamka sentensi ambayo yeye mwenyewe ndiye mtenda wake. Na baada ya sentensi hiyo nyingine hufuata: hakutaka kuja kwa sababu alihisi atakaripiwa, kama baba yake alivyokuwa akimkaripia kila alipofungua mdomo kuhusu jambo la moyoni. Daktari hakuwahi kumkaripia. Ukali huo fundi aliubeba kutoka nyumbani kwa baba yake, akauweka usoni pa daktari, kama alivyouweka usoni pa kila nyapara.

Wataalamu hukuita huko kuhamisha hisia. Freud alieleza katika makala ya mwaka 1914 kwamba yale ambayo mtu hawezi kuyakumbuka huyarudia kwa vitendo, na huyarudia hata mbele ya daktari. Ndiyo maana chumba hicho ni kama karakana. Tabia inayomharibia mtu maisha huletwa humo ikiwa inafanya kazi, si ikiwa imesimuliwa tu, na wawili hao huitazama pamoja kama mafundi wanavyoitazama mashine inayonguruma.

Sasa tumfuate fundi wetu hadi kiwandani. Nyapara anamwita. Joto linampanda kifuani kama siku zote. Lakini safari hii anajiona akitaka kutukana, na kati ya hasira na ulimi imejitokeza nafasi ndogo, labda ya pumzi moja. Katika nafasi hiyo anakumbuka kwamba huyu si baba yake. Hageuki kuwa mtu wa kuitikia kila neno. Kesho yake anakwenda kwa nyapara na daftari alimoandika saa za ziada ambazo hazikulipwa, anadai haki yake kwa hesabu na kwa sauti ya kawaida. Zamani madai yake yalizama ndani ya matusi yake. Kuwa mtenda hakukumfanya mpole; kumemfanya asikike.

KUWA MTENDA SI KUBEBESHWA LAWAMA

Huenda msomaji mwingine ameanza kuguna. Je, tunasema kwamba kila mwenye shida amejitakia? Mtoto aliyepigwa, mwanamke aliyeonewa, kibarua aliyedhulumiwa, nao waambiwe kwamba wao ndio watenda? La hasha. Hatari hiyo ipo, na Freud mwenyewe alijikwaa hapo.

Mwezi Oktoba 1900 baba mmoja wa Vienna alimleta kwake binti yake wa karibu miaka 18, Ida Bauer, ambaye katika maandishi Freud alimwita Dora. Binti huyo alikuwa akisumbuliwa na kikohozi, kupotewa na sauti na huzuni kubwa. Rafiki wa baba yake, mtu mzima mwenye mke, alikuwa amemtaka kwa nguvu tangu alipokuwa na umri wa miaka 14. Naye baba alikuwa na mapenzi ya siri na mke wa rafiki huyo. Ida aliposema yaliyompata kando ya ziwa, yule bwana alikana, na baba akaamua kumsadiki rafiki yake.

Freud alimsadiki binti. Lakini badala ya kutulia hapo, alishikilia kumthibitishia kwamba kwa siri yeye alimpenda mtu huyo. Tarehe 31 Desemba 1900, baada ya tiba ya majuma 11 hivi, Ida aliingia, akatangaza kwamba hiyo ndiyo siku ya mwisho, akasikiliza kwa adabu, akaaga, akaenda zake. Mwaka uliofuata alikwenda kwa wale mume na mke. Mke hakukana uhusiano wake na baba. Mume alikiri yale ya ziwani. Mwaka 1902 Ida alirudi kwa Freud kumsimulia hayo, na mwaka 1905 Freud aliyachapisha pamoja na kukiri kwamba hakutambua mapema hisia ambazo mgonjwa alikuwa akizihamishia kwake.

Wataalamu wa baadaye wameirudia habari hiyo mara nyingi kama somo la jinsi tiba inavyoweza kwenda kombo. Sisi tunajifunza humo mambo mawili. La kwanza: aliyetendwa aanze kwa kusadikiwa kwamba alitendwa. Mtu hawezi kudai yaliyo yake huku akibebeshwa yasiyo yake. Ubaya wa watu wazima si kitendo cha mtoto, na hakuna tiba ya haki inayomgeuzia. Kilicho chake ni yale anayoyafanya leo na maumivu hayo: akiyanyamazia, akiyarudia juu ya wanawe, ama akiyasema mahali yanapostahili kusemwa. La pili: pale mgonjwa anapomwambia daktari "hapana", pengine hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya uzima. Ida alitenda mara mbili: alipoiacha tiba iliyokuwa ikimsukuma, na alipokwenda kuwakabili waliomdhulumu.

MTOTO NA KIFAA KINACHONG'AA

Kwa nini basi daktari mwema hujizuia? Jibu zuri tunalipata kwa Donald Winnicott, aliyeishi kati ya mwaka 1896 na 1971. Alikuwa daktari wa watoto na pia mchambuzi wa nafsi, na kwa miaka 40 alifanya kazi katika hospitali ya watoto ya Paddington Green, London. Mwaka 1941 alieleza jaribio dogo ambalo mzazi yeyote anaweza kulielewa.

Mama aliketi mezani akiwa amempakata mtoto wa umri wa kati ya miezi 5 na 13. Ukingoni mwa meza daktari aliweka kifaa cha chuma kinachong'aa, kile cha kukandamizia ulimi. Akamwomba mama asimsaidie mtoto wala asimzuie. Mtoto alikiona kifaa, akanyoosha mkono, kisha akasita. Alimtazama daktari, akamtazama mama, mara nyingine akauficha uso wake kifuani mwa mama. Watu wazima walingoja. Baada ya kitambo mate yakaanza kumtoka mtoto, uso ukachangamka, mkono ukakishika kifaa, naye akakitia mdomoni na kugongagonga meza kwa furaha. Mwishowe alikiangusha chini, kana kwamba kwa bahati mbaya. Akiokotewa, hukiangusha tena, sasa kwa kusudi.

Lakini mtu mzima akijaribu kumtia mtoto kifaa mdomoni katika kile kipindi cha kusita, mtoto hukataa, hulia. Kifaa ni kile kile. Mdomo ni ule ule. Tofauti ni moja tu: katika hali ya kwanza mtoto amechukua, katika ya pili ametiliwa.

Mchambuzi wa nafsi anayenyamaza hafanyi hivyo kwa kiburi wala kwa uvivu. Anakingoja kipindi cha kusita kipite. Fundi wetu angeweza kuambiwa siku ya kwanza kwamba anawaona manyapara wote kama baba yake. Maneno yangekuwa ya kweli, naye angeyatema kama mtoto alivyotema chuma. Katika kitabu chake cha mwaka 1971 Winnicott alisema kwamba uzeeni alijifunza kungoja, na kwamba mgonjwa huufikia mwenyewe ufahamu kwa furaha kubwa, nayo furaha hiyo sasa humpendeza yeye daktari kuliko alivyofurahia zamani kujiona mwerevu.

MIPAKA YA TIBA HII

Haifai kuipamba tiba hii kupita kiasi. Inachukua muda mrefu na gharama kubwa, na kwetu Afrika Mashariki wataalamu wake ni wachache mno. Baadhi ya nadharia za Freud zimepingwa vikali na nyingine zimeachwa. Mtu anayesikia sauti zisizokuwapo, au anayefikiria kuitoa roho yake, asikalishwe nyumbani kungoja mazungumzo ya miaka. Apelekwe hospitali bila kuchelewa. Tena, kuielewa nafsi hakupunguzi kodi ya nyumba wala hakuongezi unga katika debe. Freud mwenyewe aliandika mwaka 1923 kwamba kazi ya tiba ni kumpa mgonjwa uhuru wa kuamua, huku au kule. Hakuahidi kwamba ataamua vema, wala kwamba dunia itamwitikia.

Hata hivyo, liko jambo ambalo familia yoyote inaweza kulichukua humu bila kulipa chochote. Mtu anaposimulia kwa mara ya kumi kwamba "mambo yamemharibikia," tusikimbilie kumhukumu wala kumpa majibu. Tumsikilize mpaka mwisho wa sentensi. Mtoto wako akikwambia, "Kikombe kimevunjika," ukamjia juu kwa fimbo, kesho vikombe vitazidi kuvunjika vyenyewe katika nyumba yako. Ukiuliza kwa utulivu na kungoja, iko siku atasema, "Mama, nimekivunja." Siku hiyo umepoteza kikombe, lakini umempata mtu.

Na Bertha Pappenheim je? Aliinuka. Mwaka 1888 alihamia Frankfurt, Ujerumani, pamoja na mama yake. Mwaka 1895, mwaka ule ule kitabu kilipomtangaza duniani kama mgonjwa asiye na jina, yeye alikuwa ameshika uongozi wa nyumba ya mayatima wa kike. Mwaka 1899 alitoa tafsiri ya Kijerumani ya kitabu cha Mary Wollstonecraft kuhusu haki za wanawake. Mwaka 1904 alianzisha shirika la wanawake wa Kiyahudi wa Ujerumani, na mwaka 1907 alifungua huko Neu-Isenburg makao ya wasichana walio hatarini na ya akina mama wasio na waume, pamoja na watoto wao. Alisafiri nchi nyingi akipigana na biashara ya kuuza wasichana. Alifariki mwaka 1936, na mwaka 1954 Ujerumani Magharibi ilitoa stempu yenye sura yake.

Hatuwezi kudai kwamba ni tiba ya Breuer iliyomfikisha huko. Miaka ya ugonjwa baada ya tiba hiyo inatukataza kusema hivyo. Lakini twaweza kusema hili bila wasiwasi: msichana ambaye katika ugonjwa wake alikuwa hana hata lugha yake mwenyewe, alipata mtu wa kumsikiliza, akayapa maneno yale aliyokuwa ameyanyamazia, na baadaye akatumia maisha yake kuwasikiliza wasichana ambao hakuna aliyekuwa akiwasikiliza.

Jioni ya leo, ndugu msomaji, utakapojikuta unasema, "Hasira zilinipanda," jaribu mara moja tu kuisema upya sentensi hiyo, wewe ukiwa mtenda wake. Usijilaumu, wala usijitetee. Isikilize tu, uone itakupeleka wapi.